Kilo Ngapi Juu ya Paa? Karne Moja ya Kukadiria Uzito wa Theluji

Theluji ilianza kuanguka Washington, mji mkuu wa Marekani, tarehe 27 Januari 1922. Kufikia usiku wa kesho yake kina chake kilikuwa kinakaribia sentimita 71, tramu zimekwama na maduka mengi yamefungwa. Hata hivyo watu mia kadhaa walijikokota hadi Knickerbocker, jumba la sinema lenye paa bapa, kutazama filamu ya kuchekesha. Saa tatu usiku ilipopita kidogo, paa lilikatika. Liliangukia roshani, nayo roshani ikawaangukia waliokaa chini. Watu 98 walikufa na 133 wakajeruhiwa.

Jumba lile lilikuwa na umri wa miaka minne tu. Msanifu wake, Reginald Geare, na mwenye mali, Harry Crandall, waliandamwa na lawama, ingawa hakuna mtu aliyetiwa hatiani mahakamani. Geare alijiua mwaka 1927, na miaka kumi baadaye Crandall naye akafanya hivyo hivyo. Uchunguzi ulikuwa umerudi mara kwa mara kwenye swali moja: je, theluji ilikuwa nzito mno, au paa lilikuwa dhaifu mno? Wachunguzi walielekeza kidole kwenye ujenzi, hasa namna mihimili ya chuma ilivyoegemea ukuta. Swali lenyewe halikuisha. Tangu siku ile limekuwa likiulizwa kila paa linapoanguka wakati wa baridi, na majibu yake ndiyo yaliyojenga elimu nzima ya kukadiria mzigo wa theluji.

Kwa fundi wa Mombasa au Mwanza, adui wa paa ni upepo unaotaka kung'oa mabati na kuyarusha. Kwenye nchi za theluji adui huyo yupo, lakini yupo na mwingine anayekandamiza kutoka juu, polepole, kwa siku au wiki nyingi. Mhandisi anayechora jengo leo lazima aandike kwenye hesabu zake tarakimu moja: kilo ngapi zitakaa juu ya kila mita ya mraba ya paa, katika majira ya baridi ambayo bado hayajafika.

Zamani tarakimu hiyo haikuwepo, na nyumba zilisimama. Katika vijiji vya Shirakawa-go nchini Japani, mapaa ya nyasi yalijengwa kwa mteremko wa takriban nyuzi 60, makali kiasi kwamba theluji haipati pa kushika. Kwenye sehemu za milima ya Alps wenyeji walifanya kinyume chake. Paa lilikuwa na mteremko mdogo, mbao za mwezeko zimekandamizwa kwa mawe, na kenchi nene chini yake, kusudi theluji ibaki juu na kuihifadhi nyumba joto. Njia hizo mbili zilitoka kwenye uzoefu wa vizazi vingi: paa lililoshindwa halikuigwa na yeyote, na lililosimama liliigwa na jirani. Uzoefu huo ulifanya kazi kwa sababu kila mtu alijenga palepale babu yake alipojenga, kwa ukubwa uleule na kwa vifaa vilevile.

Miji mikubwa ilivunja masharti hayo yote matatu. Chuma na zege viliruhusu mapaa mapana na bapa, yasiyo na nguzo katikati, kwenye viwanda, masoko, stesheni na majumba ya sinema. Hakuna babu aliyewahi kujenga kitu cha namna hiyo. Serikali za miji zikaanza kuweka kanuni, na kanuni za mwanzo zilikuwa fupi: paa libebe kiasi fulani, na basi. Marekani kiwango kilichozoeleka kilikuwa kati ya pauni 20 na 40 kwa futi ya mraba, yaani takriban kilo 100 hadi 200 kwa mita ya mraba. Kiasi hicho kilikusudiwa kujumuisha kila kitu, kuanzia theluji hadi fundi anayepanda kuziba tundu. Hakikuuliza mji uko milimani au bondeni, wala paa lina umbo gani.

Kosa la kwanza lililopaswa kuondolewa lilikuwa la macho. Mtu huiona theluji kwa kina, ilhali paa hulemewa na uzito, na vitu hivyo viwili havilingani. Theluji iliyoanguka sasa hivi katika baridi kali inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu katika mita ya ujazo. Ikikaa wiki kadhaa ikashindiliwa na kulowa, inafika kilo 300 au 400. Barafu tupu ina kilo zaidi ya 900. Kwa hiyo nusu mita ya theluji mbichi ni kilo 50 au pungufu kwa kila mita ya mraba. Nusu mita ya theluji ya mwezi uliopita, iliyonyeshewa mvua, inaweza kufika kilo 200, sawa na mifuko minne ya saruji iliyopangwa juu ya kila mita ya mraba ya paa.

Chombo kilichosaidia kutenganisha kina na uzito hakikubuniwa na mhandisi. James Edward Church alikuwa mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, mjini Reno, na alipenda kupanda milima wakati wa baridi. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga kituo cha uchunguzi kwenye Mlima Rose, karibu na Ziwa Tahoe, na akatengeneza bomba la chuma lenye meno mwishoni. Bomba hilo hudidimizwa kwenye theluji hadi ardhini, hutolewa likiwa limejaa, kisha hupimwa kwenye mizani. Uzito unaopatikana unaonyesha moja kwa moja theluji ile ikiyeyuka itatoa maji ya kina gani. Church alitaka kujua maji yatakayoingia ziwani majira ya kuchipua, maana wakulima, wazalishaji wa umeme na wenye viwanja vya ufukweni walikuwa wakigombana juu ya kimo cha ziwa. Hakuwa akifikiria mapaa. Lakini milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo moja kamili, kwa hiyo anayejua maji yaliyomo kwenye theluji ameshajua mzigo wake.

Vituo vya hali ya hewa vilipoanza kukusanya vipimo vya namna hiyo mwaka hadi mwaka, ramani za theluji ya ardhini zikawezekana. Likabaki pengo jingine: jengo halibebi theluji ya ardhini. Linabeba ya juu ya paa, ambako upepo unapuliza na joto la ndani linapenya.

Pengo hilo lilishughulikiwa hasa na Wakanada. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada lilianzisha mjini Ottawa idara ya utafiti wa majengo, na katikati ya miaka ya 1950 idara hiyo ikaanza uchunguzi ambao haukuwahi kufanywa kwa upana ule. Waangalizi katika sehemu mbalimbali za nchi walipanda juu ya mapaa halisi kila msimu wa baridi, wakapima kina na uzito, na kulinganisha na theluji iliyolala chini. Wahandisi Peter, Dalgliesh na Schriever walichapisha matokeo mwaka 1963. Kwa jumla paa lilibeba pungufu kuliko ardhi, kwa sababu upepo huzoa sehemu ya theluji na kuipeleka kwingine. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 1960 ilikuwa tayari imekubali paa la kawaida lihesabiwe kwa asilimia 80 ya theluji ya ardhini, na baadaye paa lililo wazi kabisa kwa upepo likaruhusiwa kushuka hadi asilimia 60. Kwa nchi inayojenga mapaa kila siku, huo ulikuwa uokoaji mkubwa wa mbao na chuma.

Uchunguzi huohuo ulitoa habari nyingine isiyofurahisha. Theluji inayozolewa na upepo haipotei. Hutua pale upepo unapopungua nguvu: nyuma ya ukuta mrefu, kwenye paa la chini lililopakana na jengo la juu, kwenye bonde la mapaa mawili. Hapo lundo linaweza kuwa mara mbili au tatu ya theluji ya ardhini, huku sehemu nyingine ya paa ikiwa karibu tupu. Paa moja lina mizigo miwili tofauti kwa wakati mmoja, na wastani wake haumsaidii mtu. Huko Troy, jimbo la New York, Michael O'Rourke wa Rensselaer Polytechnic Institute alitumia miaka mingi akichambua kumbukumbu za malundo ya namna hiyo, nyingi kati yake zikitoka kwenye majengo yaliyoanguka. Kanuni alizosaidia kuziunda humwuliza mhandisi urefu wa paa la juu ambalo upepo unapita, maana hilo ndilo shamba ambalo theluji ya lundo inavunwa.

Hatari hiyo mara nyingi huletwa na jengo jipya. Ghala lililosimama salama kwa miaka 30 linaweza kupata jirani mrefu zaidi, na kuanzia msimu unaofuata ukuta wa jirani unalirundikia theluji ambayo mhandisi wa ghala hakuipigia hesabu. Joto nalo lina kisa kama hicho. Nyumba za zamani zilivujisha joto kupitia darini, na theluji ikayeyuka kidogo kidogo kutoka chini. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, watu waliongeza tabaka za kuhami joto. Wakapunguza gharama ya kupasha nyumba joto, na theluji ikabaki juu ya paa kwa muda mrefu zaidi. Kanuni za leo zinatofautisha kibanda cha kioo cha kuoteshea mboga, kinachoyeyusha theluji haraka, na ghala la baridi ambalo joto la ndani halisaidii kitu.

Yote haya yaliunganishwa Marekani katika kiwango cha mwaka 1982, kwa mchango mkubwa wa maabara ya jeshi ya utafiti wa nchi za baridi iliyoko Hanover, New Hampshire, ambako Wayne Tobiasson alisimamia kazi ya ramani. Hesabu yake ilikuwa ya kuzidisha tu. Mhandisi alichukua mzigo wa theluji ya ardhini wa mahali pale, akazidisha kwa 0.7, kisha kwa namba ya upepo, ya joto, na ya umuhimu wa jengo, hospitali ikidai zaidi kuliko banda la ng'ombe. Kama paa lilikuwa na mteremko, alipunguza tena. Ulaya nayo, katika kiwango cha pamoja kilichotoka mwaka 2003 baada ya utafiti uliosimamiwa na Luca Sanpaolesi wa Chuo Kikuu cha Pisa, hutumia 0.8 hadi mteremko wa nyuzi 30, ikishuka hadi sifuri kwenye nyuzi 60. Nyuzi 60 ni mteremko uleule ambao mafundi wa Shirakawa-go waliufikia bila kalamu.

Ugumu uko kwenye tarakimu ya kwanza, ile ya ardhini. Jimboni Alaska, jedwali la Marekani liliupa mji wa Anchorage kilo 244 kwa mita ya mraba. Mji mdogo wa Whittier, usiofika mwendo wa kilomita 100 kutoka hapo, ulipewa kilo 1,465, yaani karibu tani moja na nusu, kwa sababu milima inaisimamisha hewa yenye unyevu wa bahari juu yake. Kwenye maeneo mengi ya milima wachoraji wa ramani walikataa kabisa kuandika tarakimu. Waliacha nafasi na kumtaka mhandisi afanye uchunguzi wake wa mahali hapo.

Hata pale tarakimu ilipoandikwa, haikuwa ahadi. Kwa miongo mingi ramani zimekuwa zikionyesha theluji ya miaka 50. Maana yake ni theluji ambayo, katika mwaka wowote, ina nafasi mbili kwa mia ya kuzidishwa. Wengi hudhani jengo likishahesabiwa hivyo liko salama miaka 50. Ukipiga hesabu, katika miaka 50 nafasi ya kiwango hicho kuvukwa angalau mara moja ni karibu 64 kwa mia. Kwa hiyo wahandisi huongeza akiba juu yake. Ulaya mzigo huzidishwa kwa 1.5 kabla boriti haijachaguliwa. Toleo la kiwango cha Marekani la mwaka 2022 limekwenda mbali zaidi. Badala ya kuuliza theluji gani hurudi baada ya miaka mingapi, ramani zake zimechorwa kwa kuanzia kwenye hatari ya jengo kuanguka ambayo jamii iko tayari kuikubali.

Je, hesabu hizi zilizuia maafa? Mwaka 1978 ulitoa jibu gumu. Ukumbi wa michezo wa Hartford, Connecticut, ulikuwa na paa la fremu ya chuma lenye eneo la karibu hekta moja na uzito wa tani 1,400. Lilichorwa kwa msaada wa kompyuta, jambo ambalo enzi hizo lilikuwa la kujivunia. Wakati wa ujenzi lilipinda mara mbili ya ilivyotabiriwa, na waliouliza waliambiwa tofauti kama hizo ni za kawaida. Jioni ya Januari 17 watu karibu 5,000 waliketi chini yake kutazama mpira wa kikapu. Saa kumi alfajiri, ukumbi ukiwa mtupu, paa lote lilishuka sakafuni. Theluji iliyokuwa juu ilikuwa chini sana ya kiasi ambacho paa lilipaswa kuhimili. Wachunguzi waligundua kwamba vyuma vya juu vya fremu havikuwa vimeshikizwa vya kutosha visipinde kwa pembeni, ilhali hesabu ya kompyuta ilichukulia kwamba vimeshikizwa.

Siku chache baadaye, katika juma hilohilo, kuba la ukumbi wa chuo cha C. W. Post huko Long Island nalo likaanguka, likiwa pia tupu. Lilikuwa limehesabiwa kwa theluji iliyotandazwa sawasawa. Upepo uliirundika upande mmoja.

Miaka 28 baadaye bahati ya kumbi tupu ilikwisha. Januari 2, 2006, uwanja wa kuteleza kwenye barafu wa Bad Reichenhall, kusini mwa Ujerumani, ulianguka na kuua watu 15, wengi wao watoto na vijana. Boriti zake za mbao ziligundishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa gundi isiyostahimili unyevu, ndani ya ukumbi ambao hauna siku isiyo na unyevu. Januari 28 mwaka huohuo, katika eneo la Katowice, kusini mwa Poland, ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa mwaka 2000 ulianguka wakati wa maonyesho ya njiwa wa mashindano. Watu 65 walikufa. Theluji na barafu havikuwa vimeondolewa paani, na paa hilohilo lilikuwa limeshaharibiwa na theluji mwaka 2002, likatengenezwa na ukumbi ukaendelea kutumika.

Kisa cha Korea Kusini kina sura nyingine. Februari 2014, wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha mji wa Busan walikuwa kwenye sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya katika ukumbi wa hoteli ya mapumziko huko Gyeongju. Paa liliwaangukia, watu 10 wakafa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Kusini ile theluji nyingi ni adimu, na kiwango cha kanuni kilikuwa kilo 50 tu kwa mita ya mraba. Nchi yenye theluji kila mwaka hujenga kwa kuizoea. Hatari kubwa iko pale inapokuja kwa nadra, kwa sababu mzigo halisi unaweza kuzidi mara mbili ule ulioandikwa, na jengo lenye kasoro halijawahi kujaribiwa.

Tukiyapanga maafa haya pamoja, kutoka Washington hadi Gyeongju, theluji ndiyo iliyohudhuria yote, lakini mara chache ndiyo pekee iliyoua. Iliikuta boriti iliyoegemea vibaya, chuma kisichoshikizwa, gundi iliyooza, paa lililokwisha kuonya. Akiba iliyowekwa kwa ajili ya theluji ya ajabu ilikuwa imeshaliwa na makosa ya watu kabla theluji haijaanguka. Hii ndiyo sababu Poland, baada ya Katowice, iliongeza viwango vyake vya theluji na pia ikabadilisha sheria: majengo yanayofunika zaidi ya mita za mraba 2,000 za ardhi, na miundo mingine yenye paa la zaidi ya mita za mraba 1,000, hukaguliwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mwisho wa Mei na kabla ya mwisho wa Novemba.

Japani ilikuwa imelifikia kwa njia yake wazo hilo la paa kutegemea pia matunzo ya watu. Siku ya Mwaka Mpya wa 1938, paa la sinema ya Tokamachi, mkoani Niigata, liliangukia watazamaji na kuua 69. Sheria ya ujenzi iliyokuja mwaka 1950, pamoja na kanuni zake, huhesabu kilo 2 kwa kila sentimita ya theluji katika kila mita ya mraba, na kwa kawaida kilo 3 kwenye mikoa ya theluji nyingi. Mahali penye kina cha mita mbili na nusu, hiyo ni kilo 750, mzigo ambao familia ya kawaida haiwezi kuugharimia nyumba yake. Sheria ikaweka mlango: pale ambapo wenyeji wana desturi ya kupanda na kuishusha theluji kwa beleshi, kina cha hesabu kinaweza kupunguzwa hadi mita moja. Desturi ya kijiji iliingizwa kwenye hesabu ya mhandisi kama boriti mojawapo.

Boriti hiyo sasa inalegea. Vijana wamehamia mijini, na kila mwaka wazee huanguka na kufa wakishusha theluji peke yao. Lakini waliotunga kanuni walikuwa wameweka sharti moja ambalo nchi nyingine zingefaidika nalo. Jengo lililopunguziwa mzigo kwa njia hiyo lazima libandike maelezo ya upungufu huo mahali panapoonekana, kama mlangoni. Katika Knickerbocker, Hartford na Katowice, tarakimu ya theluji ilikaa kwenye mafaili ya ofisi, na walioketi chini ya paa hawakuwa na njia ya kuijua. Pale kwenye mlango wa Niigata, anayeingia anaweza kusoma paa linabeba kiasi gani, na mwenye nyumba hana kisingizio cha kuacha beleshi stoo.